Maswali ya Wiki Moja ya Oktoba, na Saa Yalipoulizwa

Jumanne ya tarehe 14 Oktoba 2025, baina ya Alasiri na Magharibi, mzee mmoja wa mtaani aliingia katika saiba, duka la kompyuta na intaneti, ninayochapishia kazi zangu huko Majengo, Mombasa, si mbali na msikiti wa Sakina. Alikuja kutoa nakala ya kitambulisho. Mashine ilipokuwa ikipata moto akamwambia binti anayehudumu pale: "Mwanangu, hebu nitazamie habari za Bukini. Nasikia jeshi limeshika nchi."

Binti akaandika neno kama alivyolisikia. Google ikadhani amekosea herufi moja, ikamjazia kioo picha za wanawake ufukweni waliovaa nguo za kuogelea. Akafunga ukurasa haraka, uso umemwiva, akauliza kwa heshima zote: "Ami, Bukini ndiyo wapi?" Mzee, ambaye kwa bahati njema miwani yake ilikuwa mfukoni, akamjibu kwamba ni Madagaska, na kwamba wazee wake hawakuijua kwa jina jingine. Neno likaandikwa upya na habari zikaja: Kanali Michael Randrianirina wa kikosi cha CAPSAT ametangaza kwamba jeshi limechukua madaraka, na Rais Andry Rajoelina ameikimbia nchi.

Sasa mfikirie mchambuzi aliyeko Nairobi, au California, akizisoma takwimu za siku ile. Mombasa, saa kumi na moja jioni, yuko mtu aliyevutiwa na mavazi ya kuogelea.

Wiki yenyewe ilikuwa na habari za kutosha mwezi mzima. Jumatatu Cape Verde, visiwa vyenye watu wapatao nusu milioni tu, waliifunga Eswatini 3-0 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na siku hiyo hiyo mateka wa Israel waliokuwa hai Gaza wakaachiliwa. Jumanne ndiyo hiyo ya Bukini; usiku wake Harambee Stars wakachapwa 3-0 na Ivory Coast kule Abidjan. Jumatano asubuhi ikaja ile iliyozifunika zote: Raila Odinga amefariki dunia Kerala, India, akiwa na umri wa miaka 80. Alhamisi mwili ukafika, umati ukafurika kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi hadi uwanja wa michezo wa Kasarani, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Ijumaa ikawa siku ya mapumziko, ibada ya kitaifa ikafanyika uwanja wa Nyayo. Jumamosi Kisumu. Jumapili maziko Bondo, na siku hiyo hiyo wezi wakaingia jumba la makumbusho la Louvre, Paris, mchana kweupe, wakatoka na vito vya wafalme. Hata sikupata nafasi ya kuwashangaa.

Katikati ya hayo yote, Jumatano ile ile ya msiba, Rais William Ruto alitia saini miswada minane ikawa sheria. Mmoja ulirekebisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018. Nitaurudia huo.

Wiki ya namna hii ikishapita, haikosi makala ya "haya ndiyo Wakenya waliyoyatafuta zaidi mtandaoni". Na makala hiyo haikosi kuzua ubishi kahawani. Kuna wanaosema orodha kama hizi ndiyo njia pekee ya kujua watu wanawaza nini. Kuna wanaosema ni upuuzi mtupu, takwimu za kujazia ukurasa. Nimekaa na pande zote mbili, na kila upande una jambo ambalo upande wa pili haulijibu.

Niwaanze wanaoziamini, maana hoja yao sitaki kuipita mbio. Karani wa kura ya maoni akikupigia hodi na daftari lake, unamjibu kama uliyevaa kanzu ya Ijumaa: utapiga kura, unafuatilia habari, Katiba unaijua. Mbele ya kisanduku cha kutafutia, mtu yuko na kikoi chake na mlango ameurudisha. Anauliza asilolijua bila kuogopa kuchekwa. Rafiki yangu mmoja, ambaye ameniruhusu nimseme bila jina, Jumatano ile aliwafokea wenzake saa nzima kuhusu nani atashika ODM, chama alichokiacha Raila, na kwa kanuni ipi. Alipofika kwake ndipo alipotafuta kanuni zenyewe zinasema nini.

Na maswali niliyoyasikia yakiandikwa pale saiba hayakuwa ya kipuuzi. La kwanza, asubuhi nzima ya Jumatano, lilikuwa fupi: ni kweli? Lilikuwa na sababu. Uvumi kuhusu afya ya Raila ulizunguka tangu mwanzo wa mwezi na watu wake wa karibu waliukanusha, kwa hivyo habari ya kweli ilipokuja ilikuta watu wameshazoea kuambiwa si kweli. Kisha yakafuata ya jiografia na tiba: Kerala iko wapi, ayurveda ni dawa gani. Kisha ya ratiba: Ijumaa kazini au nyumbani, atazikwa lini. Iliposemwa kwamba marehemu alitaka azikwe ndani ya saa 72, kwa Wakenya wengi wa bara, waliozoea matanga ya wiki mbili, ilikuwa ajabu. Hapa Mombasa, Mwembe Tayari, hakuna aliyeshtuka. Kwetu sisi tunaozika siku hiyo hiyo, saa 72 ni nyingi.

Alhamisi asubuhi niliona jambo ambalo limenifanya nisiwadharau tena wanaoamini takwimu hizi. Kompyuta ya dirishani ilikuwa imefunguliwa Flightradar24, ile ramani inayoonyesha ndege zote zilizoko angani. Ndege ya Kenya Airways iliyotoka Mumbai na mwili, ambayo siku hiyo ilipewa jina la RAO001, herufi za Raila Amolo Odinga, wakati ule ndiyo iliyokuwa ikifuatiliwa na watu wengi kuliko ndege yoyote duniani. Watu saba walisimama nyuma ya kiti. Muuza kahawa alikuwa ameliweka dele lake chini, vikombe kimya mkononi. Kindege kilikuwa juu ya bahari, kinasogea kama sisimizi, kikiruka kidogo kila ramani inapojipanga upya. Mama mmoja aliyekuja kufanya mambo yake ya kodi ya KRA akauliza, "Bado hajaingia Somalia?" Akajibiwa bado. Hakuna aliyesema kitu tena mpaka kikaingia.

Hapakuwa na habari yoyote ya kutafuta katika ramani ile. Kila mtu alijua ndege inatoka wapi, inakwenda wapi, imebeba nini. Watu walikuwa matangani. Upande wa wenye imani unaweza kusema, na mimi nakubali, kwamba hakuna kura ya maoni ambayo ingeupima msiba ule kama idadi ya macho iliyokuwa juu ya kindege kile. Wenye shaka nao watasema, na pia nakubali, kwamba idadi ile peke yake haikuweza kumweleza mgeni kwamba ni msiba. Ingeweza kuwa ndege ya mwanamuziki.

Mzee wa Bukini alikuwapo pia Alhamisi hiyo. Alipoonyeshwa Kerala kwenye ramani akasema, "Ndiko Kalikuti huko," na hakukosea. Ndiyo ile Calicut ambako Vasco da Gama alifika mwaka 1498, baada ya kupata rubani wa bahari pale Malindi wa kumvusha. Kwa hiyo wakati nusu ya nchi ilikuwa ikiuliza Kerala iko wapi, mtu mmoja wa Majengo alikuwa na jibu la miaka mia tano ambalo hakuna aliyemwomba.

Sasa wenye shaka. Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu. Google Trends, chombo kilichopo tangu 2006, hakikupi idadi ya watu. Hukupa namba kuanzia 0 hadi 100, ambapo 100 ni kilele cha neno hilo katika muda na mahali ulipochagua, na namba zenyewe hutolewa kwenye sampuli tu. Neno lililotafutwa na wachache mno huandikiwa 0, kana kwamba hakuna aliyeuliza. Neno likipanda zaidi ya asilimia 5,000 halipewi tena asilimia, hubandikwa lebo ya kwamba limelipuka. Muuza samaki akikwambia bei imepanda mara tatu bila kukwambia ilianzia ngapi, utamwuliza. Magazeti hayaulizi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza. Tarehe 24 Juni 2016, siku moja baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Google ilitangaza kwamba swali la pili kwa kuulizwa kuhusu Umoja huo nchini humo, tangu matokeo yatoke, ni: Umoja wa Ulaya ni nini? Dunia nzima ikawacheka Waingereza, watu waliopiga kura kwanza wakauliza baadaye. Nami nilicheka. Waliokuja kukaa wakapiga hesabu walikadiria kwamba walioandika swali lile walikuwa kama watu elfu moja, katika nchi iliyopiga kura zaidi ya milioni 33. Elfu moja ni waumini wa swala ya Ijumaa katika msikiti wa kadiri. Na hata hao elfu, nani ajuaye kama walipiga kura? Pengine walikuwa wanafunzi wenye kazi ya shuleni.

Halafu kuna hadithi ya mafua. Mwaka 2008 Google ilianzisha huduma ya kukisia kuenea kwa mafua Marekani kwa kuangalia watu wanatafuta nini. Mwanzoni ilisifiwa sana. Msimu wa 2012 hadi 2013 ikakisia kupita kiasi, na 2015 ikafungwa. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba vyombo vya habari vilipoandika sana juu ya mafua, watu wasiougua nao walikwenda kuyatafuta. Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, kwa sababu inatuhusu sisi waandishi. Habari huzaa utafutaji, utafutaji huzaa habari ya "watu wanatafuta", nayo huzaa utafutaji zaidi. Wiki ile ya Oktoba, kabla mwili haujafika nchini, tayari kulikuwa na kurasa za mali ya marehemu, magari ya marehemu, urefu wa marehemu. Je, watu waliuliza hayo kwanza, au waliulizishwa?

Ya lugha nimeshaionyesha kwa Bukini, lakini haikomei kwenye maneno ya kale. Sisi wa Mombasa hulia kwa Kiswahili, hubishana kwa Kiswahili, tukifika kwenye kisanduku tunaandika Kiingereza cha maneno mawili matatu, kwa sababu tumejifunza kwamba ukiandika Kiswahili unaletewa kidogo. Takwimu hulipokea swali letu likiwa limeshavuliwa nguo zake na kuvishwa za kuazima. Na swali linalokataa kuazima, kama la yule mzee, huhesabiwa kuwa la kitu kingine kabisa.

Jingine ni kwamba maswali mengi hayapiti Google hata kidogo. Mikongo ya baharini inayoileta intaneti Kenya inatokea majini hapa hapa kwetu: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Lakini anayeishi hatua chache kutoka ufukwe inapotokea bado hununua bando la siku, na bando la WhatsApp ni la bei nafuu, basi huuliza kundini. Kijana huuliza TikTok. Siku hizi wengine huliuliza lile duara la akili mnemba lililowekwa ndani ya WhatsApp yenyewe. Na wengine hawana simu ya kazi hiyo, humuuliza binti wa saiba, na maswali ya watu sabini yanahesabiwa kuwa ya kompyuta moja.

Binti huyo, nikiri, anaijua Majengo kuliko takwimu yoyote. Anajua nani anatafuta kazi Qatar, nani anatafuta dalili za ugonjwa gani, nani anatafuta namna ya kupata talaka. Hasemi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maswali ya utafutaji yapatayo milioni 20 ya wateja zaidi ya 650,000, majina yakiwa yameondolewa na kuwekwa namba. Siku chache tu, waandishi wa New York Times wakamtambua mwanamke mmoja kwa maswali yake peke yake. Kikoi nilichokisema hapo juu kina bei yake.

Nikipima kufikia hapa, kwa upande wa hesabu nawapa wenye shaka, na kwa upande wa ukweli wa moyo nawapa wenye imani. Ila pande zote mbili zinang'ang'ania watu walitafuta nini na walikuwa wangapi. Swali ninaloliona lina faida zaidi ni la saa. Walitafuta lini, ukilinganisha na wakati ambao jibu lingeweza kuwasaidia?

Chukua Juni 2024. Muswada wa Fedha ulikuwa na ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000. Hapa mjini madereva wa tuktuk walikuwa wakipiga hesabu hiyo kwenye foleni ya abiria, wiki kadhaa kabla ya kura bungeni. Vijana waliufungua muswada wenyewe, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani kwenye video fupi, na mmoja akatengeneza roboti ya mazungumzo unayoiuliza juu ya kifungu chochote ikakujibu. Kifungu cha 37 cha Katiba, cha haki ya kuandamana, kilikaririwa na watoto wa sekondari. Tarehe 18 Juni kamati ya fedha ikatangaza kuiondoa kodi ya mkate na ya magari. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha muswada dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi. Tarehe 26 Rais akakataa kutia saini.

Sisemi kisanduku cha kutafutia ndicho kilichoushinda muswada. Watu waliuweka mwili barabarani, wengine hawakurudi. Nasema maswali yalitangulia kura, na yalipotangulia yalikuwa na kazi ya kufanya. (Siku ya tarehe 25 intaneti yenyewe ilidorora nchini. Kampuni za simu zilitaja hitilafu ya mikongo ya baharini, wengi hawakuamini, na ukiona mchoro wa utafutaji umezama siku ile, usidhani watu waliacha kuuliza.)

Linganisha na Oktoba 2025. Muswada wa kurekebisha sheria ya makosa ya mtandaoni ulikuwa bungeni tangu 2024. Ulikuwa na jambo linalotugusa sisi wa Pwani moja kwa moja: ulitaka kamati ya kitaifa ya usalama wa mtandao iweze kuamuru tovuti au programu ifungwe ikiwa inaeneza ugaidi, picha chafu za watoto, au mafundisho ya kupindukia ya dini na ya madhehebu potofu. Baada ya Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi, nani hapa angekosa la kusema juu ya kifungu hicho, la kukiunga mkono au la kukiogopa? Pale saiba sikumsikia mtu hata mmoja akikiulizia. Swali lilianza Alhamisi, siku moja baada ya saini, na likaja kwa vurugu: milioni 20, miaka 10, ukituma meme umekwisha. Ni swali la baada, na tena lilikuja limebeba kosa. Adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10 kwa unyanyasaji wa mtandaoni imeandikwa katika kifungu cha 27 tangu 2018. Marekebisho yaliongeza maneno kuhusu mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue.

Kuna wanaosema saini iliwekwa siku ya msiba makusudi, watu wakiwa wanaangalia kindege. Sina ushahidi wa nia ya mtu. Lakini hata saini ingewekwa siku tulivu, watu wangekuwa wameuliza? Sidhani, na hapa ndipo ninapojikuta nikigombana na hoja yangu mwenyewe. Kumlaumu anayeuliza kwa kuchelewa ni rahisi mno. Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Muswada ulikuja kwa Kiingereza cha mawakili, na mkate haukutajwa ndani yake. Anayeuza mihogo sokoni Kongowea angeutafuta kwa neno lipi? Huwezi kuuliza juu ya kitu ambacho hujui kipo. Na waliokuwa na kazi ya kumwambia kipo ni pamoja na mimi. Muswada ule niliujua tangu mwaka uliotangulia, sikuuandikia hata mstari.

Pia yapo maswali ambayo hayana namna ya kuja mapema. Hakuna aliyetakiwa kutafuta Kerala wiki moja kabla. Ya mauti na ya wizi wa Louvre huja yakishatokea, na kuyapima kwa kipimo changu ni kuyaonea.

Na la mwisho, ambalo linanipunguzia uhakika: swali la baada si kwamba halifai kitu. Kelele za wiki ile zilikwenda hadi mahakamani, katika kesi ya mwanamuziki na mwanaharakati Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC, na tarehe 22 Oktoba Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27. Isipokuwa njia ya mahakamani inahitaji mawakili, na ni ndefu. Sheria ya 2018 nayo ilisimamishwa vifungu 26 mwaka huo huo, na mwaka 2020 mahakama ikaviruhusu vyote. Aliyeuliza Mei 2018 akapumua, miaka miwili baadaye pumzi ikamrudia kooni, na sidhani wengi walitafuta habari hiyo ya 2020.

Kwa hiyo ningepewa mimi meza ya uhariri, ile orodha ya mwisho wa wiki nisingeiacha itoke bila tarehe mbili kando ya kila swali: lilianza kuulizwa lini, na jambo lenyewe liliamuliwa lini. Mengi yangeonekana ni udadisi wa kawaida tu, na hakuna ubaya. Machache yangeonyesha umbali wa siku moja, na siku hiyo moja ingetupasa sisi wenye kalamu tuieleze.

Jumamosi ile, mwili ukiwa Kisumu na televisheni zote zikiwa huko, dereva wa tuktuk ambaye ni admini wa kundi la WhatsApp la mtaa aliingia saiba na wasiwasi wake. "Dada, hiyo sheria mpya, mtu akiandika ujinga kundini, ni mimi nafungwa?" Binti hakumjibu kwa kichwa. Akaitafuta sheria, akashuka hadi kifungu cha 27, akamgeuzia kioo asome mwenyewe. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Lakini hapa imeandikwa 2018."

"Ndiyo, kaka. Ya juzi imeongeza maneno tu. Adhabu ni ile ile."

Akahesabu miaka kwa vidole, akafika saba. Akacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa breki zake hazikushika tangu Likoni. Akataka achapishiwe ukurasa ule mmoja, akatoa shilingi kumi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na zilizoko bungeni sasa hivi ni zipi, dada? Zile bado hazijapita."

Binti akaweka vidole kwenye kibodi, kisha akaviondoa. "Hiyo," akasema, "sijui niiandikeje."